Fahamu: Kituo cha wagonjwa wasiopona hupimwaje?

Hospitali ya kawaida huhesabu waliopona. Je, kituo kinachowatunza watu ambao ugonjwa wao hautibiki tena huhesabu nini? Familia nyingi za Haut-Katanga humrudisha mgonjwa wa saratani kijijini kutoka Lubumbashi, na kwao swali hili halingoji.

Jibu moja lipo Uganda. Chama cha Huduma Shufaa cha Afrika, chenye makao Kampala, kina dodoso la maswali 10 tu: 7 ya mgonjwa, 3 ya ndugu anayemtunza. Siku 3 zilizopita umeumwa kiasi gani? Umeweza kumwambia mtu yaliyo moyoni? Una amani? Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Asiyejua kusoma huonyesha kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Muuguzi huuliza tena baadaye, na alama ya maumivu isiposhuka, tiba itazamwe upya. Nalipenda dodoso hili kwa sababu anayetoa alama ni mgonjwa mwenyewe, na majengo mazuri hayamdanganyi.

Ila kupima maumivu bila dawa ya kuyatuliza ni ukatili. Kituo kidogo cha Hoima, Uganda, kilichofunguliwa 1998, huwafikia wanavijiji kwa mofini ya maji inayonywewa nyumbani, na tangu 2004 wauguzi wa Uganda waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Kwa hiyo ukikagua kituo cha kijijini, anzia kabati la dawa. Mofini ipo leo? Usiku, nani ana ruhusa ya kuitoa?