Huruma Huzaliwa, Kisha Hulelewa



Mtoto mchanga akilia wodini, aghalabu wachanga walio karibu naye hulia pia. Hakuna aliyewafundisha. Wataalamu wengi wa saikolojia huona katika kilio hicho cheche ya kwanza ya huruma, yaani uwezo wa kuguswa na uchungu wa mwenzako.

Cheche hiyo ni ya kale kuliko binadamu. Mnyama anyonyeshaye asiposikia kilio cha mwanawe, hubaki bila kizazi. Wanaosikia ndio waliorithisha tabia yao. Ushahidi wa karibu tunao katika Milima ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo. Huko, upande wa Rwanda, Dian Fossey alianzisha kituo cha Karisoke mwaka 1967. Kumbukumbu za zaidi ya miaka 50, zilizochapishwa mwaka 2021, zilionyesha kwamba gorila waliofiwa na mama wakiwa na umri wa miaka 2 hadi 8 hawakufa kwa wingi kuliko wenzao. Kundi liliwapokea, hususan dume kiongozi.

Kwa binadamu, cheche hukua mapema. Mwaka 2006 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha kwamba watoto wa miezi 18 humwokotea mtu wasiyemjua kitu kilichomdondoka, bila kuahidiwa zawadi.

Hata hivyo, kilichozaliwa nasi chaweza kuzimwa. Hapa Kigali, katika Makumbusho ya Gisozi, wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mapanga yalitanguliwa na maneno: redio RTLM iliwaita majirani mende, na aliyekwisha kuitwa mdudu, kilio chake hakikusikika tena. Walikuwepo pia waliowaficha majirani zao kwa kuhatarisha roho zao. Wote hao walizaliwa na cheche ileile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeendelea kumwona jirani kuwa mtu.

Ndiyo maana tunawasihi mambo mawili. Kwanza, tusimtaje jirani wa ng'ambo ya mpaka kwa jina la mnyama au la dharau mbele ya watoto. Samaki mkunje angali mbichi. Pili, mtoto anayepigwa au kunajisiwa asiachwe alie peke yake. Mwaka 2009 Polisi ya Taifa ilianzisha Kituo cha Isange, kilichoanzia Kacyiru, ambapo aliyedhulumiwa hupata tabibu, mshauri na mpelelezi mahali pamoja. Isange ni neno la kumkaribisha mtu ajihisi yuko kwao.

Mpaka hutenganisha mamlaka za nchi. Kilio cha mtoto hakiulizi kitambulisho, nasi tukikisikia tusiulize.