Sindano ya Mgongo na Dawa ya Damu: Kweli au Uongo?

"Kabla ya sindano yoyote ya maumivu, acha dawa ya damu," yaani ya kuzuia damu isigande. Uongo, ingawa una chembe ya ukweli. Goti au bega likichomwa, wengi huendelea kumeza dawa zao, maana damu ikivuja hapo hubanwa kwa pamba na kutulia. Kwenye uti wa mgongo nafasi ni finyu: damu ikivuja hubana neva, miguu ikalegea. Kwa sindano hiyo warfarini husimamishwa siku 5 hivi kisha INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ikapimwa upya. Klopidogreli siku 7, rivaroksabani siku 3.

"Basi nitaiacha mwenyewe." Uongo, na wa hatari. Mwenye vali bandia ya moyo akiacha warfarini kiholela, damu inaweza kuganda moyoni, bonge likapanda ubongoni. Uamuzi ni wa daktari wa moyo na wa sindano kwa pamoja, na mara nyingine wataamua sindano ingoje.

"Dawa za kemisti hazihesabiki." Uongo mtupu. Mzee anafika mjini Wote, Ukambani, na kadi ya kliniki. Akiulizwa kama anameza dawa nyingine, anasema hapana. Muulize hiyo ya maumivu hununua wapi, atatoa mfukoni bahasha ndogo ya khaki yenye diklofenaki na aspirini. Zote mbili huongeza kuvuja damu, hasa juu ya warfarini. Swali likiulizwa vibaya, jibu ndilo hilo.

"Anayemeza warfarini asile mboga." Uongo. Vitamini K ya sukuma wiki na majani ya kunde hupunguza nguvu ya dawa, lakini tatizo ni kubadilisha ulaji ghafla. Mvua ikinyesha Ukambani, kunde huwa sahanini kila siku. Kiangazi kikiingia, zinaadimika. Kwa hiyo INR ya mwezi jana haitoshi.

"Ukitoka chumba cha sindano unatembea, hatari imekwisha." Uongo. Damu inaweza kuvuja saa kadhaa baadaye, au dawa inaporudishwa. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukikataa kutoka, usingoje kupambazuke: operesheni ikifanywa ndani ya saa 8, nafasi ya kupona ni kubwa zaidi. Mtu wa mbali, kama Kyuso au Mutomo, aulize mapema ampigie nani usiku, na ambulensi itampeleka wapi. Asipojibiwa, kwa maoni yangu, alale mjini siku hiyo.