Kocha kaomba taimauti, refa kakausha: Nani ana makosa?

Zimebaki sekunde nane, timu ya shule yako iko nyuma kwa pointi moja. Kocha anaruka kutoka kwenye benchi, anaweka mikono kama herufi T na kupiga kelele, "Taimauti! Taimauti!" Refa anamtazama, halafu anaendelea kuufuata mpira. Mechi inaisha. Pembeni watu wameshaanza kusema refa kanunuliwa.

Kama unafuatilia kikapu cha shule, iwe hapa Mhunze au kwingine mkoani Shinyanga, unajua hasira ya namna hiyo. Kwenye mashindano kama UMISSETA, pointi moja inaweza kuamua nani anasonga mbele na nani anarudi nyumbani. Lakini kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA), ambazo ndizo zinazotumika Tanzania, refa huyo hana kosa. Kocha ndiye aliyeomba sehemu isiyo sahihi, tena kwa wakati usio sahihi.

Taimauti huombwa mezani

Anayeruhusiwa kuomba ni kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza tu. Anatakiwa atazamane na mwandika pointi au amfuate mezani, aombe waziwazi na aonyeshe ishara. Mchezaji aliye uwanjani haruhusiwi.

Hapa ndipo NBA tunayoitazama kwenye simu inapotuchanganya. Kule mchezaji mwenye mpira anaweza kumwonyesha refa ishara ya T na filimbi ikapigwa papo hapo. Ukifanya hivyo kwenye mechi ya FIBA, unapoteza muda wako bure.

Mwandika pointi akipokea ombi, anasubiri nafasi ifunguke ndipo apige honi. Nafasi hizo ni tatu:

• Mpira umekufa, saa imesimama na refa amemaliza kutoa taarifa yake mezani. Timu zote mbili zinaweza kupewa.

• Mtupo huru wa mwisho umeingia. Hapa pia ni timu zote mbili.

• Kikapu kimefungwa mchezo ukiendelea. Hapa anayepewa ni aliyefungwa, siyo aliyefunga.

Nafasi inafungwa mara mchezaji anapokabidhiwa mpira ili aurushe ndani, au apige mtupo huru wa kwanza. Ukifika mezani baada ya hapo, utasubiri nafasi nyingine. Maana yake, hata kama timu yako ndiyo yenye mpira, huwezi kuusimamisha mchezo unaoendelea kwa kuomba taimauti.

Idadi nayo ina mipaka. Kila timu ina taimauti 2 kipindi cha kwanza na 3 cha pili, kila moja dakika moja. Katika dakika 2 za mwisho za robo ya nne huwezi kutumia zaidi ya 2, hata kama ulikuwa umezitunza zote tatu.

Sekunde tatu za Munich

Ugomvi mkubwa kuliko yote kuhusu jambo hili ulitokea fainali ya Olimpiki ya 1972 mjini Munich, Marekani dhidi ya Umoja wa Kisovyeti. Zikiwa zimebaki sekunde 3, Doug Collins wa Marekani alifunga mitupo huru miwili na matokeo yakawa 50-49. Honi ya mezani ililia wakati akijiandaa kupiga mtupo wa pili. Benchi la Wasovyeti likadai liliomba taimauti na halikupewa.

Mchezo ukasimamishwa ikiwa imebaki sekunde 1. Katibu Mkuu wa FIBA, William Jones, akaagiza sekunde 3 zirudishwe. Mpira ukarushwa, honi ikalia kabla saa haijawekwa sawa, Wamarekani wakashangilia, kisha ikaamriwa warudie tena. Safari hiyo Ivan Edeshko akatupa pasi ndefu kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, Aleksandr Belov akafunga: 51-50. Wamarekani walikataa medali za fedha, na hadi leo hawajazichukua.

Kwa kanuni za sasa jibu liko wazi. Katikati ya mtupo wa kwanza na wa pili hakuna taimauti. Ukiomba hapo, unasubiri mtupo wa mwisho uingie.

Na filimbi inayochelewa je?

Mchezaji anaruka, anagongwa, mpira unagonga chuma, ndipo filimbi inalia. Mashabiki: "Umechelewa refa!"

Ukweli ni kwamba marefa hufundishwa kusubiri kidogo. Wanatakiwa waone tukio linavyoanza, linavyoendelea na linavyoisha, kwa sababu siyo kila mguso ni faulo. Cha kuangalia ni kama mguso huo umemharibia mpinzani. Kuchelewa kusikokubalika ni kule kwa kusubiri kelele za benchi ndipo upulize.

Mechi inapoisha, kinachohesabiwa ni lini faulo ilitokea. Kama mchezaji alifanyiwa faulo akiwa anarusha, honi ikalia mpira ukiwa bado mkononi mwake, kikapu hakihesabiwi hata kikiingia. Lakini anapewa mitupo huru 2 au 3, ingawa filimbi imesikika baada ya honi. Kwenye ligi kubwa marefa wanaweza kurudia video. Kwenye kiwanja cha shule wana macho yao na saa ya mezani tu.

Wewe kocha, fanya hivi

Wahi mezani. Ukihisi wapinzani wanakwenda kufunga, ombi lako liwe limeshafika. Wakifunga tu, mtunza muda anasimamisha saa na honi inalia. Ukibadili mawazo, unaweza kufuta ombi kabla ya honi, siyo baada yake.

Faida yake ni kubwa. Katika dakika 2 za mwisho, timu inayotakiwa kurusha mpira kutoka upande wake wa ulinzi ikichukua taimauti, kocha anaweza kuchagua waurushie upande wa mashambulizi. Kwa sekunde nane zile za mwanzo, hiyo ni nusu uwanja umeokoa.

Na kama kosa la pointi au muda limefanyika mezani na halikurekebishwa, usimvamie refa. Nahodha amjulishe refa mkuu na kusaini karatasi ya mchezo sehemu ya malalamiko, ndani ya dakika 15 baada ya mechi. Saini hiyo ndiyo inayosikilizwa.