Kitabu kwa Wazazi wa Mtoto Mwenye Pumu

Usiku wa baridi kule Rondo kifua cha mtoto kikianza kulia miluzi, mengi husemwa: kalogwa, ataambukiza wenzake. Siyo kweli. Pumu haiambukizi. Njia za hewa huvimba na kubana, zikichokozwa na moshi wa kuni, vumbi au mafua.

Kitabu cha David Werner, Mahali Pasipo na Daktari, kinashauri: mtoeni penye hewa safi, mtulizeni, mpeni vinywaji kwa wingi.

Lakini kitabu si dawa. Akishindwa kuzungumza au midomo ikibadilika rangi, mpelekeni hospitali mara moja.

Kisomeni kwa sauti, bibi naye asikie huko jikoni. Mtoto mwenye pumu hafichwi. Husoma na kucheza na wenzake.