Je, Wajua? Zulia Lililozaliwa na Gunia

Gunia la juti, la aina ile inayobeba kahawa, ndilo lililoeneza mazulia ya kulabu huko Marekani na Kanada. Katika karne ya 19, wanawake wa Maine na mashariki mwa Kanada walifumua magunia yaliyokwisha kazi, wakachana nguo kuukuu kuwa vipande vyembamba, kisha wakavivuta kwa kulabu kupitia matundu ya gunia, kitanzi baada ya kitanzi. Miaka ya 1860 mchuuzi wa Biddeford, Maine, Edward Sands Frost, akaanza kuuza magunia yenye michoro tayari.

Leo baadhi ya mazulia hayo yamo katika makumbusho, na yanastahili kabisa. Ukilipata la zamani, ligeuze: vitanzi visivyolingana ni alama ya mkono wa mtu. Usilikung'ute wala kulikunja. Livingirishe, uso ukiwa nje, kwa kuwa juti ikizeeka hukatika.

Anayetaka kuona kazi ya mkono ikifanyika hapa Arusha aende Shanga, karakana iliyoanza mwaka 2007. Mafundi wenye ulemavu, wakiwemo viziwi, hufuma vitambaa na kuzipa chupa tupu umbo jipya.