Saksafoni ya Verckys: Santuri, Faili au Flashi?

Mpuliza saksafoni wa Kongo, Verckys Kiamuangana Mateta, aliingia bendi ya OK Jazz ya Franco mwaka 1963, akatoka 1969 na kuunda Orchestre Vévé. Alifariki Oktoba 2022. Mwaka 2014 Analog Africa, kampuni ya Frankfurt, ilikusanya nyimbo zake za 1969 hadi 1978, ikazitoa upya. Mkazi wa Silanga, Kibera, jijini Nairobi, anayeitamani saksafoni hiyo ana njia kadhaa za kuipata, na bei zake zimeachana mno.

Santuri mpya ndiyo ghali. Tuseme inauzwa yuro 30 na usafiri ni yuro 15. Yuro ikiwa shilingi 150, hizo ni 6,750. VAT ya asilimia 16 inaongeza 1,080, na ushuru wa forodha bado. Silanga, pesa hiyo inazidi kodi ya mwezi ya vyumba vingi vya mabati, na pleya bado hujanunua.

Santuri kuukuu zipo Kenyatta Market, unafika kwa miguu. Huko ndiko kiliko kibanda cha Jimmy Rugami, maarufu kwa wapenda santuri. Nyimbo nyingi za Kongo zilichapwa papa hapa Nairobi kwenye santuri ndogo za mizunguko arobaini na tano kwa dakika. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: waimbaji upande A, sebene, yaani sehemu ya ala ya kuchezea dansi, upande B. Kwa hiyo anza kukagua upande B, maana ndio upande walioupenda wachezaji dansi, ukachezwa zaidi. Iinamishe santuri kwenye mwanga. Vumbi huoshwa likatoka. Mkwaruzo unaonasa ukucha hautoki kamwe. Omba ichezwe kabla hujalipa, tena mpaka mwisho.

Njia nyingine ni faili la mtandaoni. Toleo lililosafishwa hupunguza mlio wa vumbi na kusawazisha ala. Lakini fundi akizidisha, pumzi ya mpulizaji hupotea pamoja na vumbi, na hapo mimi siwezi kulipia. Tovuti ya Bandcamp, inayouza faili za muziki, hukuruhusu kusikiliza kwanza. Sikiliza pale saksafoni inapoanza kwa sauti ya chini, na kama wimbo ulikuwa wa pande mbili, angalia umeunganishwaje.

Faili ukishalinunua ni lako. Kusikiliza mtandaoni kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban megabaiti 144 kwa saa, kila unaporudia. Faili la FLAC, lisilopunguza ubora wa sauti, ni zito zaidi, ila unalipakua mara moja tu, kwenye waifai ukiweza, na bando lako linapumzika.

Kuna pia vijana wa vibandani wanaojaza nyimbo kwenye flashi kwa bei ya chini kabisa. Siwashauri wasomaji njia hiyo. Mwenye haki halipwi chochote, na mara nyingi hata majina ya wanamuziki yamefutika.

Kwa asiye na pleya, ningesema faili, na akiba iende kwenye spika yenye besi ya kweli. Aliyerithi pleya nzima aanzie Kenyatta Market, abebe na sindano yake ya zamani ili atafutiwe inayolingana nayo. Sindano iliyochakaa huikwangua santuri kila inapozunguka.