Ziwa Kivu kwa Mtumbwi: Tunachokiogopa na Kinachoua

Mkazi wa Nzahaha, wilayani Rusizi nchini Rwanda, anayetamani safari ya mtumbwi na kulala hemani kando ya maji ana mto Rusizi jirani, lakini mto huo haumfai. Maji yake hutoka Ziwa Kivu, mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hadi yafike Tanganyika huwa yameteremka karibu mita 700. Sehemu kubwa ya mteremko huo iko katika makorongo kati ya Kamembe na bonde la Bugarama, na ndiyo maana mitambo ya umeme ya Rusizi I, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na Rusizi II ya mwaka 1989 ilijengwa katika kipande hiki. Mpiga kafi hana njia hapo. Safari yake inaanzia juu, kwenye ghuba za Kamembe na Nkombo, kisha inaelekea kaskazini kufuata ufuko wa Nyamasheke hadi Karongi, wenye rasi na visiwa vingi kiasi kwamba mtu anaweza kwenda siku nzima bila kuipa kisogo nchi kavu. Naitetea safari hiyo kwa moyo wote, kwa sababu sijui njia bora ya kulifahamu ziwa hili kuliko kulipita polepole, ukiwa umekaa karibu kabisa na maji yake. Lakini kila inapotajwa, swali la kwanza ni moja: na ile gesi ya chini? Swali lina msingi. Ubaya wake ni kwamba linajaza nafasi yote ya hofu, na msafiri akishajibiwa hujiona amemaliza kujiandaa, ilhali upepo na radi, vinavyoua kweli, hata havijatajwa.

Gesi ipo, tena nyingi. Katika kina cha Kivu, kinachofikia mita 485 hivi, yameyeyuka mabaki ya maelfu ya miaka: hewa ya ukaa ambayo ikitolewa hadi juu ingejaza takriban kilomita za ujazo 300, na methani kilomita za ujazo zipatazo 60. Anayekumbuka Ziwa Nyos la Kamerun, ambako usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 hewa ya ukaa ilifumuka na kuua watu wapatao 1,700, ana haki ya kusita. Tuangalie, hata hivyo, namna gesi ya Kivu inavyokaa. Chemchemi zilizo chini ya ziwa humwaga maji ya uvuguvugu yenye chumvi na hewa ya ukaa. Chumvi hiyo na gesi hiyo huyafanya maji ya chini yawe mazito, nayo hutulia katika matabaka yasiyochanganyika na yale ya juu. Upepo mkali wa kiangazi huchanganya mita 60 hivi za juu, basi. Ili gesi ifumuke, kanieneo yake lazima ishinde uzito wote wa maji yaliyoilalia, na vipimo vinaonyesha kwamba hata mahali ilipokaribia zaidi imefika kwenye nusu hivi ya kiwango hicho. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na wasiwasi kwamba methani inaongezeka kwa kasi. Vipimo vya mwaka 2018, vilivyochapishwa mwaka 2020 baada ya kulinganishwa na vya zamani, havikuthibitisha hilo. Tena Kivu halina sakafu moja. Upande wa kusini umekatwa na vizingiti vilivyo chini ya maji: ghuba ya Bukavu, inayotazamana na Kamembe, ina kina cha mita 100 hivi, na beseni la Ishungu linalofuata lina kama mita 180. Akiba kubwa ya gesi iko chini ya mita 250, katika mabeseni makubwa zaidi ya kaskazini. Anayeizunguka Nkombo kwa mtumbwi anaelea juu ya maji yenye gesi kidogo sana.

Atakayepinga atasema volkano haina miadi, na Nyiragongo iko pale pale. Ni hoja nzito. Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani, na Mei 2021 miamba iliyoyeyuka ilisogea chini ya ardhi kuelekea ziwani mpaka sehemu kubwa ya mji ikahamishwa. Mara zote mbili matabaka ya kina yalibaki mahali pake, lakini sitaki kulifanya hilo kuwa ahadi ya milele, na wanaolichunguza ziwa hili hawaahidi. Ni kwa sababu hiyo pia uvunaji wa methani kwenye mtambo wa KivuWatt karibu na Karongi, unaozalisha megawati 26 za umeme, una faida ya pili ya kupunguza akiba hiyo taratibu. Jibu langu kwa anayepinga ni jingine. Mlipuko wa gesi, ukitokea, ungemkuta aliyelala kitandani Goma sawa na aliye ndani ya mtumbwi. Msafiri hana uamuzi wowote unaouongeza au kuupunguza. Hatari inayopaswa kutawala mipango ya safari ni ile inayobadilika kulingana na saa uliyoondoka, upande ulioshika na vazi ulilovaa. Kwa kipimo hicho gesi inashuka daraja, na upepo unapanda.

Kivu lina urefu wa kilomita 90 hivi na upana unaofika 50. Mawimbi hukua kadiri upepo unavyopata uwanja wa kukimbilia, na uwanja upo. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki hulisukuma ziwa kwa mfululizo. Anayetoka Rusizi kwenda kaskazini huusikia mgongoni na kujiona hodari, kisha safari ya kurudi inakuwa mapambano. Mtumbwi uliobeba hema na chakula huenda kilomita nne au tano kwa saa kwenye maji tulivu, na upepo wa mbele wa kadiri tu unaweza kuumaliza mwendo huo wote. Juu ya upepo wa msimu kuna ule wa kila siku: mchana, ardhi inapopata joto, hewa huvuma kutoka ziwani kwenda vilimani, na usiku hugeuka, ikashuka milimani kwenda ziwani. Watu wengi hawaufikirii huu wa usiku. Anayeondoka alfajiri hupata maji laini kando ya ufuko, lakini hewa inamsogeza katikati bila yeye kujua, na anapotaka kurudi, mchana umeshaingia. Maji ya juu ya Kivu yana nyuzi 24 hivi, hayaui kwa baridi papo hapo. Humchosha aliyetumbukia kwa saa mbili tatu hadi mikono ikatae kushika. Jaketi la kuelea ndilo linalompa saa hizo. Baada ya ajali ya Aprili 2019 iliyoacha watu wasiopungua mia moja bila kuonekana, Rais Félix Tshisekedi aliagiza abiria wote wa upande wa Kongo wavae majaketi hayo. Oktoba 2024 meli MV Merdi ilipinduka ikikaribia bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa huku nchi kavu ikionekana. Itasemwa kwamba vyombo hivyo vilizidishiwa mizigo na watu, jambo lisilouhusu mtumbwi wa wawili. Kilichopindua chombo ni tofauti, kweli. Kilichowaua watu walipokuwa tayari majini hakina tofauti.

Kisha radi, ambayo kwa mkazi wa Rusizi ingepaswa kutajwa kabla ya yote. Setilaiti ya Marekani iliyohesabu miale ya umeme wa angani kati ya mwaka 1995 na 2000 iliiweka Kamembe kileleni mwa orodha ya dunia, kwa miale 82.7 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Uchambuzi mpya zaidi, uliochapishwa mwaka 2016, uliipa Maracaibo ya Venezuela nafasi ya kwanza, na ya pili ikaenda Kabare, ng'ambo ya ziwa, karibu na Bukavu. Namba zinatofautiana kwa sababu ya ukubwa wa vipande vya ardhi vilivyopimwa, lakini kona hii ya Kivu inabaki juu kwa hesabu zote mbili. Sababu inaonekana kwa macho: hewa yenye unyevu wa msitu wa Kongo hukutana na milima mirefu, ziwa lenye joto huongeza mvuke, na jioni mawingu hujengeka haraka. Ndani ya mtumbwi, kwenye uwanda wa maji, kitu kirefu kuliko vyote ni kichwa chako. Ngurumo inayosikika sekunde 30 baada ya mmweko imetoka umbali wa kilomita 10 hivi, na umbali huo tayari umo ndani ya uwezo wa radi. Hapo inapasa uwe umeshuka ufukoni, na usirudi majini mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Hema halilindi chochote. Hata paa lenyewe halitoshi ikiwa halina kinga: Machi 2018 radi iliua watu 16 waliokuwa kanisani katika wilaya ya Nyaruguru, kusini mwa Rwanda. Kambi ifungwe mbali na mti uliosimama peke yake na mbali na kilele cha rasi, mahali palipoinama kidogo lakini pasipotuama maji.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili. Wao huwa ziwani usiku, kwa taa, wengi wao bila majaketi, na kizazi kinafuata kizazi. Ni kweli, lakini tazama chombo chao: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, mipana, isiyopinduka kwa urahisi, yenye watu wengi wa kupiga makasia kwa pamoja. Wanavua karibu na kwao, wanayajua mawingu ya kila kilima, na hawana siku ya kurejesha mtumbwi wa kukodi. Msafiri mwenye mtumbwi mmoja mwembamba huazima ujasiri wao bila kuazima kinga yao. Bora aazime ujuzi: awaulize jioni watakwenda au hawaendi, na wakivuta mitumbwi juu, naye atulie. Waulizwe pia kuhusu mpaka, maana kisiwa cha Idjwi ni cha Kongo, mstari wa mpaka hauonekani majini, na tangu Bukavu iingie mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025 hakuna mtu mwenye busara anayeukaribia kwa bahati nasibu. Ufuko wa Rwanda nao una wenyewe, karibu kila pembe imelimwa. Kiongozi wa mudugudu (kijiji) aarifiwe kabla ya hema kusimama. Atakayefika kaskazini kabisa, kwenye ardhi ya volkano ya Goma na Sake, ndiye anayepaswa kuifikiria gesi anapochagua mahali pa kulala, kwa kuwa mazuku, hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, huua watu na mifugo huko nchi kavu.

Inabaki kuchagua msimu, na hapa mtu hupoteza kimoja ili apate kingine. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, ina radi nyingi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kina radi chache na upepo mwingi. Mimi nachagua kiangazi bila kusita, kwa kuwa upepo hutangaza ujio wake na unaweza kuusubiri ufukoni. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kukipambazuka, shika ufuko wa Rwanda kwa umbali unaoweza kuuogelea ukiwa na jaketi, na uwe umeshuka ifikapo saa tano. Beba chakula cha siku mbili zaidi ya ratiba, na mwenye mtumbwi aambiwe mapema kwamba huenda ukachelewa kuurudisha.